Katuni Kumi za Bwana Lumbesa: Tahakiki ya Istilahi za Hadithi za Picha

1. Utangulizi

Makala haya yamezaliwa na mkataba wa kurasa mbili. Nilikuwa likizoni mjini Songea wakati kijana mmoja, mchoraji wa mabango ya maduka huko Lizaboni, aliponijia na karatasi mkononi, akaniomba niisome kabla hajaitia sahihi. Taasisi moja ilikuwa imemwagiza achore "katuni kumi zenye mhusika mmoja wa kukumbukwa" juu ya madhara ya lumbesa katika biashara ya mahindi. Kwa kuwa kazi yangu ni istilahi, yeye aliona, nami nikaona vivyo hivyo, kwamba amefika kwa mtu anayestahili. Niliusoma mkataba ule, nikasahihisha upatanisho wa kisarufi katika vifungu viwili, nikaondoa neno moja la Kiingereza lisilohitajika, kisha nikamrudishia nikimhakikishia kwamba Kiswahili chake ni safi.

Kiswahili kilikuwa safi, lakini mkataba ulikuwa mbovu. Kwa mchoraji, katuni ni mchoro mmoja, kama ule unaoonekana gazetini chini ya tahariri. Kwa taasisi iliyomwagiza, katuni ni hadithi nzima ya ukurasa mmoja yenye michoro kumi na miwili. Kijana alipopeleka michoro yake 10, aliambiwa kwamba hajamaliza hata hadithi ya kwanza. Mabishano yalipopelekwa kwenye maandishi, maandishi hayakuweza kuamua, kwa sababu kila upande ulilisoma neno lile lile na kila upande ulikuwa na haki. Mwishowe, kwa kuchelea kukosa vyote, kijana alichora michoro 120 kwa ujira aliokuwa ameukubali kwa michoro 10. Kazi aliyoidhania ya wiki mbili ilimaliza masika yote. "Kaka," aliniambia siku tulipoonana tena, "wewe ulisema Kiswahili chake ni safi."

Sikuwa na jibu siku ile. Makala haya ni jaribio la kulitoa. Nia yake ni kuyatazama maneno tunayotumia katika fani ya uchoraji wa hadithi za picha, kuonyesha mahali yanapotusaidia na mahali yanapotupotosha, na kupendekeza marekebisho machache. Lakini haiwezekani kuhakiki istilahi za fani bila kuihakiki fani yenyewe. Kwa hiyo nitauliza pia swali ambalo mkataba ule uliliuliza bila kujua uzito wake: je, mhusika wa kukumbukwa hutengenezwaje?

2. Neno "katuni" na mzigo wake

Neno katuni tumelipata kutoka Kiingereza, nao Waingereza walilipata kutoka Kiitaliano, ambako lilikuwa na maana ya karatasi nene. Wachoraji wa kale wa Italia walitumia karatasi ya namna hiyo kuchorea mfano wa awali wa picha kubwa ya ukutani. Maana ya mchoro wa kuchekesha au wa kukejeli ilianza kushika mizizi mwaka 1843, pale jarida la Punch la London lilipolitumia neno hilo kwa dhihaka. Tunaona basi kwamba hata huko lilikotoka, neno hili lilikuwa limekwisha hama maana mara moja kabla halijatufikia sisi.

Lilipofika kwetu lilibebeshwa mizigo minne. Kwanza, huitwa katuni mchoro mmoja unaojitegemea, kama michoro ya Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye kwa jina la Gado, Mtanzania aliyejipatia umaarufu katika magazeti ya Kenya. Pili, huitwa katuni mfululizo wa michoro unaosimulia kisa, kama visa vya Juha Kalulu alivyovichora Edward Gitau katika Taifa Leo. Tatu, huitwa katuni filamu ya michoro inayotembea, kama Ubongo Kids, ambayo imetengenezwa Dar es Salaam na kuonyeshwa tangu mwaka 2014. Nne, na hili ndilo la ajabu zaidi, huitwa katuni mhusika mwenyewe: mtoto huonyesha picha akisema, "Yule katuni anakimbia."

Si dosari kwa neno kuwa na maana nyingi. Maneno yote yanayotumika sana hupata maana nyingi, na msikilizaji wa kawaida huchagua iliyo sawa kwa kutazama muktadha. Dosari huanza pale neno la mazungumzo linapoingizwa katika mkataba, katika muhtasari wa masomo au katika tangazo la zabuni bila kupunguziwa mzigo. Hapo ndipo kazi ya istilahi inapohitajika. Istilahi ni neno ambalo watu wa fani moja wamekubaliana kulibana ili mmoja akilitamka mwingine asiweze kuelewa kingine, na hilo halitegemei ugumu wa neno.

Kiswahili hakikuwa maskini katika jambo hili. Tunalo neno kibonzo, ambalo limekuwa likitumika nchini kwa michoro ya kuchekesha. Tena, nimewasikia wazee wakiita kila mchoro wa namna hiyo chakubanga, kwa kumbukumbu ya Chakubanga, mhusika aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Jambo hilo linastahili kutafakariwa na kila afisa wa istilahi. Hapakuwa na kikao, hapakuwa na kamati, hapakuwa na orodha iliyopigwa chapa. Ila mhusika mmoja aliwaingia wananchi moyoni kiasi kwamba jina lake pekee likageuka kuwa nomino ya kawaida. Wahenga walisema jina jema hung'aa gizani. Sisi tunaounda maneno kwa mashauriano marefu, ambayo mengine hufa kabla wino haujakauka, tuna la kujifunza kwa mchoraji huyo.

3. Wahusika wa Ndunguru na kazi ya jina

Mfano ulio bora zaidi wa kazi ya jina katika fani hii ni wa Philip Ndunguru, ambaye jina la ukoo wake linatambulika mara moja kuwa la huku kwetu Ruvuma, na ambaye vijana wachoraji wa Songea humtaja kama mtu wa nyumbani. Ndunguru alichorea gazeti la Sani, lililoanzishwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na ambalo jina lake limeundwa kwa silabi za mwanzo za majina ya waanzilishi hao wawili: Saidi akatoa Sa, Nico akatoa Ni. Msomaji aone kwamba hata jina la gazeti lilitungwa kwa njia ambayo sisi tunaifundisha kama kanuni ya uundaji wa istilahi.

Ndunguru alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Lakini wahusika wake, akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Komredi Kipepe na Madenge, hawakufariki pamoja naye. Walichukuliwa na mikono mingine, wakaendelea kuchorwa miaka mingi, na wasomaji wakaendelea kuwatambua. Huo ndio mtihani mkubwa wa mhusika. Mhusika anayemtegemea mchoraji mmoja ni kama neno linaloeleweka kinywani mwa mtu mmoja tu, ilhali yule anayeweza kuchorwa na mkono mwingine na bado akawa yeye amekwisha kuwa sehemu ya lugha ya jamii.

Tuyatazame majina hayo moja moja, kwa jicho la istilahi.

Ndumilakuwili ni neno la Kiswahili la siku nyingi. Ni nyoka anayedhaniwa kuwa na vichwa viwili, na kwa sitiari ni mtu mnafiki aumaye huku na huku. Mchoraji hakubuni neno. Aliliokota ghalani, akalivika mwili. Kabla mhusika hajafungua kinywa, msomaji amekwisha kuonywa. Jina linafanya kazi ambayo vinginevyo ingehitaji michoro mitatu ya utangulizi.

Lodi Lofa ni ufundi wa namna nyingine. Maneno yote mawili yametoka Kiingereza, lakini yamekwisha kutiwa jando katika Kiswahili. Lodi ni bwana mkubwa. Lofa ni mtu asiye na kazi wala senti. Kuyaweka pamoja ni kuumba ukinzani ndani ya maneno mawili tu: bwana mkubwa asiye na kitu. Kisa chote kimo katika jina. Nimewahi kusikia ikidaiwa kwamba maneno ya kutoholewa hayawezi kuwa na ladha ya Kiswahili. Lodi Lofa anatosha kuwajibu wanaodai hivyo. Ladha ya neno inategemea mahali lilipowekwa kuliko nasaba yake.

Komredi Kipepe amebeba neno la siasa za enzi yake. Komredi lilikuwa neno la heshima, la ndugu katika mapambano. Na baada yake linafuata jina lililoanza na ki- ya udogo, ambalo ndani yake msikilizaji aweza kusikia pepe, yaani punje tupu isiyo na kiini. Sisemi kwamba hivyo ndivyo mchoraji alivyokusudia. Nasema kwamba hivyo ndivyo sikio la Mswahili linavyoweza kusikia, na mchoraji mzuri hufanyia kazi sikio hilo. Mtafiti Jigal Beez ameonyesha katika maandishi yake jinsi Komredi Kipepe alivyofuata nyayo za Asterix, mhusika wa Kifaransa aliyeanzishwa mwaka 1959 na René Goscinny na Albert Uderzo. Wako watakaouona ukopaji huo kuwa aibu. Mimi naona ni utohozi. Kama tunavyolichukua neno la kigeni, tukalipa irabu ya mwisho, tukaliingiza katika ngeli na kulifanya litii sarufi yetu, ndivyo hadithi ya kigeni inavyoweza kuchukuliwa ikapewa jina, mwendo na kejeli za hapa. Utohozi mbaya ni ule unaoacha neno likiwa na konsonanti tatu mfululizo zisizotamkika. Kwa hadithi, ubaya huo ni pale mhusika anapobaki kutembea kama mgeni katika mitaa yetu.

Madenge naye ni mtoto mtundu. Neno denge ni la unyoaji: mtindo wa kunyoa pande zote na kuacha kishungi utosini. Basi anayelijua neno hilo, akisikia jina tu, amekwisha kuona kichwa. Jina na umbo vimeshikana kabla kalamu haijagusa karatasi.

Kutokana na mifano hii tunaweza kutoa kanuni moja: jina la mhusika ni mchoro wa kwanza. Mkataba unaotaka mhusika wa kukumbukwa lakini unaoacha jina lipachikwe mwishoni, na pengine na mtu asiye mchoraji, umekwisha kujivunja wenyewe.

4. Juu ya mhusika bapa

Wahakiki wa fasihi wametuletea istilahi mbili zinazofahamika kwa kila mwanafunzi wa sekondari: mhusika bapa na mhusika mviringo. Bapa ni yule asiyebadilika, mwenye sifa moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mviringo ni yule anayekua na kubadilika kama binadamu halisi. Katika madarasa yetu bapa limegeuka kuwa tusi. Mwanafunzi akiandika kwamba mwandishi ametumia wahusika bapa, anadhani amekwisha kuikosoa riwaya.

Tukiihamisha istilahi hiyo pamoja na tusi lake kutoka riwaya hadi hadithi za picha, tutakuwa tumefanya kosa la kitaaluma. Ndumilakuwili akitubu na kuwa mkweli, hadithi imekwisha. Umaarufu wake umo katika kutobadilika; kinachobadilika ni hali anayokutana nayo. Wala hilo si geni kwetu. Sungura wa ngano zetu ni mjanja leo na kesho, fisi ni mlafi vizazi na vizazi, na hakuna bibi aliyewahi kulaumiwa na wajukuu kwa kusimulia fisi yule yule. Gitau alipomwita mhusika wake Juha Kalulu alishona pamoja nasaba mbili: juha, yaani mpumbavu, na kalulu, ambalo katika Kinyanja, lugha ya jirani zetu wa Ziwa Nyasa, ni jina la sungura. Kusoma jina hilo kwa namna hiyo ni kukutana na mpumbavu na mjanja katika ngozi moja, naye ni bapa, tena ameishi miongo kadhaa.

Kwa hiyo napendekeza tuache kutumia bapa kama kipimo cha ubora katika fani hii. Kipimo kinachofaa ni utambulikano: je, msomaji anaweza kumjua mhusika kwa kivuli chake tu, uso ukiwa umepakwa wino mweusi tii? Je, anaweza kumjua kwa tamko lake tu, picha ikiwa imefunikwa? Je, anaweza kutabiri kosa atakalolifanya, na bado akacheka atakapolifanya? Rodolphe Töpffer, mwalimu wa Geneva aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa hadithi za picha huko Ulaya, aliandika insha mwaka 1845 akishikilia kwamba mstari wowote unaofanana na uso, hata uwe umechorwa kizembe namna gani, hauna budi kuonyesha tabia fulani. Mchoraji, basi, huanza kwa kuyatazama mistari iliyokwisha kuanguka karatasini na kujiuliza: huyu ni nani? Tabia humjia kutokana na jibu lake.

Yule kijana wa Lizaboni hakuwa amesoma insha hiyo, lakini aliyajua hayo. Mhusika wake alimwita Bwana Lumbesa. Wasomaji wanaotoka mikoa ya wakulima hawahitaji maelezo: lumbesa ni gunia lililojazwa kupita kipimo, likaongezewa kichwa kinachoshikiliwa kwa kamba juu ya mdomo wake, ili mnunuzi apate zaidi na mkulima alipwe kama gunia moja. Kijana alimchora mfanyabiashara mwenye kiwiliwili cha gunia, shingo haionekani, na juu yake kofia iliyovimba na kufungwa kamba kidevuni kama kichwa cha lumbesa. Kila anaposema "Ongeza kidogo tu, ndugu," kofia inavimba zaidi. Nilipokiona kivuli cha mtu huyo ukutani, kilichochorwa kwa mkaa, niliwasikia watoto wapita njia wakilitaja jina lake. Hawakuwa wamesoma hadithi hata moja.

5. Istilahi za upangaji wa hadithi

Mhusika akishapatikana, hadithi hupangwa. Hapa ndipo maneno yetu yalipo machache na yenye mtafaruku zaidi.

Sehemu moja ya ukurasa yenye mchoro mmoja, vijana wa Songea huiita boksi. Wengine huiita fremu. Sioni sababu ya kuyapiga vita maneno hayo katika mazungumzo. Lakini katika maandishi tunalo neno kisanduku, ambalo limekwisha kuzoeleka katika fomu na majedwali, lina wingi wake, na lina unyenyekevu wa ki-. Mkataba ungesema "hadithi 10, kila moja yenye visanduku 12", masika ya mtu yasingepotea.

Nafasi nyeupe iliyo kati ya kisanduku na kisanduku nayo inahitaji jina. Katika rasimu moja iliyopita mikononi mwangu iliitwa mfereji. Aliyependekeza alikuwa amelifasiri neno la Kiingereza moja kwa moja, bila kujiuliza kama maji hupita humo. Nilipomsomea kijana wa Lizaboni alicheka, akaniuliza kama anatakiwa kuuzibua. Akaniambia kwamba yeye huuita mwanya. Nilinyamaza kwa muda, kwani neno lile lilikuwa bora kuliko lolote ambalo ningeweza kulibuni mezani. Mwanya ni uwazi kati ya meno, nao kwetu ni urembo. Tena mwanya ni fursa. Na kwa kweli katika hadithi za picha mwanya ndipo msomaji anapopewa fursa yake: katika kisanduku cha kwanza Bwana Lumbesa ananyoosha mkono kwenye gunia, katika cha pili mkulima anatazama gunia tupu. Wizi wenyewe haukuchorwa popote. Umefanyika katika mwanya, na aliyeuona ni msomaji kwa akili yake mwenyewe.

Duara lenye maneno ya mhusika limeitwa puto, povu na kiputo. Povu linafaa kwa umbo, lakini lugha ya mitaani imekwisha kulitwaa: kutoa povu ni kufoka kwa hasira. Istilahi ikiwa na kicheko cha namna hiyo ndani yake haitabaki kavu mkatabani. Napendekeza kiputo, tukitofautisha kiputo cha kauli na kiputo cha wazo.

Kuhusu sauti zinazoandikwa ndani ya mchoro, istilahi ipo na ni nzuri: tanakali za sauti. Kinachosikitisha ni utendaji. Wachoraji wetu wengi huandika milio iliyokopwa kutoka vitabu vya kigeni, mlango ukifungwa au mtu akianguka, ilhali Kiswahili kinayo hazina kubwa kuliko hitaji lao. Kitu kikianguka majini ni chubwi, mti ukikatika ni kacha, mzigo ukitua ni pu, mtu akilala ni fofofo, na kukiwa kimya ni ji. Hili la mwisho ni zawadi kwa mchoraji, maana ni lugha chache zinazoweza kuuandika ukimya kwa herufi mbili.

Mwisho ni neno mhusika lenyewe. Katika fasihi ni mtu wa hadithini. Katika sheria na utawala ni mtu anayeguswa na jambo. Kifungu kimoja cha mkataba ule kilisema: "Mhusika hatabadilishwa bila idhini ya maandishi." Taasisi ilikusudia kwamba Bwana Lumbesa asigeuzwe umbo. Kijana alielewa kwamba yeye mwenyewe hawezi kuondolewa kazini. Kifungu hicho nilikipitia, nikakipa alama ya tiki.

6. Mapendekezo

Sera yetu ya uundaji wa istilahi hutuelekeza tuanze kutafuta katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na ndipo twende mbali zaidi. Utaratibu huo umetupatia maneno kama ikulu kutoka Kinyamwezi na ngeli kutoka Kihaya, nao ni utaratibu mzuri. Kasoro yake ni kwamba tumeutekeleza kwa kutafuta ndani ya kamusi, tukasahau kutafuta katika karakana. Kwa fani hii napendekeza yafuatayo:

(a) Katuni libaki kuwa jina la jumla la fani nzima, na lisitumike peke yake katika mkataba, zabuni au mtihani pale idadi au malipo yanapohusika.

(b) Kibonzo kiwe mchoro mmoja unaojitegemea.

(c) Hadithi ya picha iwe mfululizo wa visanduku unaosimulia kisa, na urefu wake utajwe kwa visanduku au kurasa.

(d) Uhuishaji, neno ambalo limekwisha kuanza kutumika, liwe jina la ufundi wa kuifanya michoro itembee, na filamu ya vibonzo iwe zao lake.

(e) Kisanduku, mwanya, kiputo na tanakali za sauti zipokewe kwa maana zilizoelezwa hapo juu.

(f) Katika mikataba, mtu wa hadithini aitwe mhusika wa hadithi, na mtu wa mkataba aitwe mchoraji au mwagizaji, ili mmoja asilipwe ujira wa mwingine.

(g) Karatasi inayoonyesha umbo la mhusika kutoka mbele, ubavuni na nyuma, pamoja na hasira yake, kicheko chake na kivuli chake, iitwe karatasi ya mhusika. Iambatishwe kwenye kila mkataba, ilipiwe kando, na jina la mhusika liandikwe juu yake na mchoraji mwenyewe.

Huenda msomaji akauliza kama mambo haya ya vibonzo yanastahili kurasa za jarida hili, wakati sayansi na tiba bado zinalia kwa kukosa istilahi. Jibu langu ni kwamba elimu ya sayansi na tiba yenyewe siku hizi huwafikia vijana kwa njia hii. Nchini Kenya jarida la Shujaaz lilianza kutolewa mwaka 2010 kwa lugha ya Sheng, likitumia mhusika wake Boyie kuzungumza na vijana juu ya kilimo, kipato na maisha. Ikiwa sisi hatuna maneno ya kuiagiza, kuipanga na kuilipia kazi ya namna hiyo kwa Kiswahili sanifu, itaagizwa, itapangwa na kulipiwa kwa lugha nyingine, na Kiswahili kitaachiwa viputo tu.

7. Hitimisho

Nimeeleza kwamba mhusika wa kukumbukwa ni kama istilahi njema: huwa na umbo moja lisilochanganywa na jingine, hubeba maana yake usoni, na hukubali kuchukuliwa na mikono mingine bila kupotea. Ndunguru aliyajua hayo bila kukaa katika kamati yoyote. Ni haki yetu kumhesabu miongoni mwa waundaji wa maneno wa taifa hili.

Nimekiri pia kosa langu. Nilidhani kwamba kuusafisha mkataba ni kuondoa neno la Kiingereza na kurekebisha viambishi. Neno lililomgharimu mtu masika yake lilikuwa limeandikwa kwa tahajia sahihi kabisa, katika ngeli yake, mbele ya macho yangu.

Nilipoondoka Songea kijana alikuwa amepata kazi nyingine. Alinionyesha karatasi ya makubaliano, safari hii ameiandika kwa mkono wake: hadithi za picha 4, kila moja visanduku 9, karatasi ya mhusika inalipiwa kando. Aliniuliza kama Kiswahili chake ni safi. Niliisoma mara tatu kabla ya kumjibu.